Nukta Iliyogoma Kutoka Murongo

Siku niliyokabidhi funguo za karakana ya redio, vijana walininunulia soda na keki, wakanitaka niseme machache. Nikasimama, nikashindwa. Mtu aliyezoea kuongea na watu asiowaona hubabaika akiwaona usoni. Basi niliyoshindwa kuyasema siku ile nayaandika hapa, kwa ajili yao hao waliorithi pasi yangu ya lehemu na vituko vyake. Anayetaka kujua nilipanda cheo gani na lini hatakuta kitu. Hayo yako kwenye makabati ya ofisi, na nasikia mchwa wameshaanza kuyasoma.

Jina langu ni Generosa, lakini kuanzia Kayanga hadi Murongo nimezoeleka kama Ma Jeni. Huku kwetu "Ma" ni heshima ya mwanamke, kama "Ta" ilivyo ya mwanaume, na mimi nilianza kuitwa hivyo nikiwa bado msichana, kwa sababu madereva waliona haya kumwita fundi wao "binti". Kazi nzima niliifanya katika eneo ambalo enzi zile lilikuwa wilaya moja ya Karagwe. Kyerwa ilikuja kukatwa baadaye, mimi nikiwa nimeshachakaa.

Niliajiriwa na hospitali moja ya misheni mwaka uleule vita vya Kagera vilipozuka. Barabara zilikuwa na wanajeshi, mafuta hayapatikani, na simu ya waya ilikuwa ya kubahatisha. Kitu pekee kilichoiunganisha hospitali na zahanati zake ni redio za upepo, na mtu pekee aliyezielewa alikuwa Fundi Zakaria, Mlutheri wa Bukoba, mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilifika asubuhi nimevaa sketi ya Jumapili, nikidhani nitapewa kiti na maiki. Alinipa msasa. Akanionyesha kipande cha chuma kilichopakwa rangi, akasema nikisugue mpaka king'ae, akaondoka kwenda zake. Nilisugua hadi mchana. Aliporudi alikigeuza geuza, akanirudishia.

"Hapa pembeni umeacha rangi."

"Shikamoo, mzee. Nilidhani hapo si muhimu."

"Marahaba. Mwanangu, umeme nao unataka njia ya kurudi kwao. Ukiuzibia njia, utakusumbua kama mgeni aliyekosa gari."

Somo langu la kwanza la kuunga athi, hiyo njia ya umeme kurudi kwao, ndilo hilo, na mpaka leo nikiona kijana anafunga waya wa athi juu ya rangi, mkono unaniwasha. Pasi yetu ya lehemu tuliipasha kwenye jiko la mkaa, kwa hiyo karakana ilinuka mkaa, lehemu, na mara nyingine mahindi, kwa sababu jiko halikai bure. Fundi Zakaria alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika. Redio ikiletwa, aliiwasha, akafumba macho, akaiacha ikorome. Mara nyingi alishajua ugonjwa kabla bisibisi haijagusa kitu. Mimi sikuwahi kufikia kipaji hicho, nasema wazi, lakini tabia ya kunyamaza kwanza nilijifunza.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa zahanati ya Chonyonyo. Redio yao ilifanya kazi wiki nzima, ila Jumamosi haikusikika. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha kebo. Nilifungua redio yenyewe, nikaifunga, na Jumamosi ikafa tena. Nikamrudia mzee wangu nikiwa na aibu, akaniuliza swali moja tu: "Jumamosi wanafanya nini pale?" Nikapanda baiskeli nikaenda Jumamosi yenyewe. Nikamkuta muuguzi amefua mashuka ya wodi, ameyaanika yote kwenye waya wangu wa antena, ambao aliuona ni kamba nzuri, ndefu, isiyo na kutu. Mashuka mabichi yalikuwa yameuvuta mpaka ukagusa bati la paa. Nilimnunulia kamba ya katani, tukawa marafiki. Kwenye harusi yake nilikuwa mmoja wa walioosha vyombo.

Miaka ya themanini ilipoanza kupata nguvu, hospitali ikazaa mradi wa afya, na mradi ukaleta magari marefu ya porini yenye keria juu ya paa. Tukaanza kufunga redio ndani ya magari. Wapendwa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Redio ya mezani hukaa ilipowekwa. Ya kwenye gari hupigwa na mawe, matope na nyimbo za dereva. Waya wa umeme lazima utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi karibu na betri, si karibu na redio. Antena ndefu tuliifunga kwenye bampa la mbele na kuishika kwa kamba, maana matawi ya njiani hayana adabu. Halafu unawasha injini, na altaneta inaanza kunguruma ndani ya spika, na hapo ndipo unajua kama ulisugua chuma vizuri au ulikuwa unacheza.

Gari la kwanza nililofunga bila Fundi Zakaria kunisimamia lilikuwa la dereva aitwaye Anastazi. Madereva wengine waliacha gari wakaenda kunywa chai, na mmoja aliuliza kwa sauti fundi mwanaume anarudi lini. Anastazi alikaa. Alitaka kujua kila tundu ninalotoboa linaenda wapi, akiuguza gari lake kana kwamba ng'ombe anapigwa sindano. Nilipomaliza alisema, "Webare, Ma Jeni," ahsante ya kwetu, akanipa embe alilokuwa amejifichia.

Inafaa mumjue vizuri. Alizaliwa Kiruruma, lakini baba yake alikuja kutoka Burundi kuchuma kahawa ya watu, akaoa, akabaki. Anastazi alisoma hapa, akabatizwa hapa, akamzika baba yake hapa. Hata hivyo siku akikosana na mtu hata kwa jambo dogo la foleni ya mafuta, alikumbushwa alikotoka. Yeye aliendesha gari taratibu, alimpa kila mtu shikamoo, hata yule ambaye haikuwa hakika kama amemzidi umri, na sauti yake redioni ilikuwa safi, neno baada ya neno.

Enzi hizo tulijua gari liko wapi kwa sababu dereva alituambia. Basi. Akifika Nkwenda anaita, akifika Kaisho anaita, akifika Murongo mpakani anaita, na Ma Koku, mwendesha redio wetu, anaandika kwa chaki ubaoni. Ma Koku alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa na kumbukumbu ya kutisha. Alijua kikohozi cha kila dereva. Hakuna aliyeuliza kama dereva anasema kweli. Anayedanganya alijulikana, kama wanavyojulikana wadanganyifu wa kijijini, na maisha yaliendelea.

Fundi Zakaria alistaafu akarudi Bukoba. Aliniachia koleo lake na miwani ya akiba. Nilimlilia kama mtoto, nikamshukuru vibaya vibaya, kwa maneno yasiyotosha. Nadhani alielewa.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambapo wakimbizi walivuka kutoka Rwanda kwa maelfu, na Karagwe ikajaa magari, mahema na wageni wenye haraka. Mradi wetu ukaongezewa magari mpaka ubao wa Ma Koku ukakosa nafasi. Hapo ndipo wafadhili wakasema: mtafunga mtambo wa kuonyesha gari lilipo. Akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam na maboksi, akakaa nasi muda mfupi, akatufundisha kwa moyo mweupe, akaondoka na mkungu wa ndizi. Sina neno baya juu yake.

Mtambo wenyewe niueleze kwa lugha ya karakana. Juu ya paa la gari unafunga kidude cheupe, duara, ambacho madereva walikiita "uyoga". Uyoga unatazama mbinguni, unasikia setilaiti, unajua gari liko wapi. Unaiambia redio ya gari. Ofisini, kompyuta inaiita ile redio kupitia upepo uleule tunaoongelea. Redio inajibu kwa mlio mfupi, kama kifaranga aliyekanyagwa, na ndani ya mlio huo kuna namba za mahali. Kompyuta inachukua namba, inaweka nukta nyekundu kwenye ramani. Mara ya kwanza nukta ilipotokea juu ya Omurushaka, wakati gari kweli lilikuwa Omurushaka, Ma Koku aliruka kutoka kitini na kupiga vigelegele. Nami nilipiga. Nilifikiria koleo la mzee Zakaria lilivyokuwa mfukoni mwangu, nikaona fahari isiyo na kifani.

Kitabu cha mtambo kilisema uyoga ufungwe katikati ya paa, mahali palipo wazi. Katikati ya paa ndipo ilipo keria, nami nilipaona ni pazuri: vyuma vya keria vinaukinga na matawi ya mikaratusi na mikono ya wajanja. Nikafunga magari yote hivyo.

Madereva hawakufurahi. Wengine walisema mradi umenunua mpelelezi. Mmoja alizoea kuchomoa fyuzi akitaka kupita kwa shemeji yake, kisha anairudisha na kulalamika barabara mbovu. Tukamgundua, akaonywa, watu wakacheka. Lakini Bwana Byabato, meneja wetu, hakucheka. Alikuwa mtu wa Muleba, nadhifu, mwenye haki kwa kawaida yake, ila kuanzia siku ile aliiamini nukta kuliko mtu. "Mdomo una mifupa mingi siku hizi," alisema, na mpaka leo sijui alimaanisha nini, lakini tulielewa.

Ndipo ukaja uvumi kwamba gari la mradi linapeleka kahawa ya magendo mtoni Murongo, ivushwe Uganda. Nyinyi wa sasa hamjui uzito wa shtaka hilo enzi zile. Lilikuwa la polisi, la kufukuzwa, la jina la mtu kuoza. Bwana Byabato akaingia chumba cha redio, akamwomba Ma Koku amwonyeshe safari za Murongo. Dereva wa Murongo alikuwa Anastazi. Na ikaonekana kwamba kila safari nukta yake ilienda vizuri mpaka Murongo, ikagota pale karibu na mto, ikakaa mchana kutwa, hata saa ambazo yeye mwenyewe kwa sauti yake alikuwa anaita, "Napita Kaisho, ova. Nimefika Nkwenda, ova."

Bwana Byabato alimwita. Nilikuwepo, nimeshika kebo mkononi, sikupata pa kutokea.

"Anastazi, Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Njiani, mzee. Nilitoka Murongo baada ya kushusha dawa. Niliita."

"Uliita. Kuita hata mimi naweza kuita nikiwa kitandani nikasema niko Mwanza. Mtambo unasema ulikuwa mtoni."

"Mzee, wakina mama wa zahanati waliniona nikiondoka."

"Wakina mama wanaokupa ndizi. Hao ndio mashahidi?"

Anastazi akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi nina watoto wanaosoma Kiruruma. Nikipelekwa polisi kwa magendo ya mpakani, hawataulizwa kama baba yao alishinda kesi. Wataambiwa warudi kwao. Na kwao ni wapi?"

Bwana Byabato alichukua funguo za gari, akasema Jumatatu kutakuwa na kikao, na kwamba mimi nitasema mbele ya kikao kama mtambo wa gari lile ni mzima au mbovu. Ukiwa mzima, Anastazi atakabidhiwa polisi siku hiyohiyo.

Nililipima gari lile siku nzima ya Ijumaa pale uani. Betri nzima. Athi safi, inang'aa. Kebo ya uyoga haina jeraha. Ma Koku akaita, gari likajibu, nukta ikakaa juu ya ua wetu sawasawa. Nikalizungusha mjini Kayanga, nukta ikanifuata kama mbwa. Niliomba Mungu nikute waya uliokatika. Sijawahi kuomba ubovu namna ile. Mtambo ulikuwa mzima wa afya. Maana yake ni kwamba nikisema kweli, namzika Anastazi kwa mkono wangu. Na niseme hili pia: kwa muda mfupi nilijiuliza kama kweli si yeye. Niliogopa wazo hilo kuliko nilivyomwogopa meneja.

Nikaenda kwa Bwana Byabato, nikamwambia mtambo wa uani si mtambo wa safarini, naomba kesho nisafiri na Anastazi njia yake ileile, akifanya yote anayofanya siku zote. Aliniangalia sana. Akasema, "Nenda naye. Hata mimi si kwamba napenda hili, Ma Jeni." Akanipa funguo. Kwa hilo nitamshukuru daima, maana angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye mwenyewe jioni hiyo aliondoka kwa safari yake ya kikazi ya kila Ijumaa kwenda Bukoba, ambayo kwa bahati njema hupitia Muleba kwa mama yake.

Jumamosi tuliondoka asubuhi na maboksi ya dawa. Kila tulipofika kwenye kijiji nilimwita Ma Koku, naye anatuambia tulipo kwa mujibu wa nukta. Nkwenda, sawa. Kaisho, sawa. Tulishuka Murongo jua likiwa juu, wachuuzi wanavuka na mizigo yao, maofisa wa forodha wamekaa kivulini. Nukta, sawa. Zahanati tukashusha dawa. Nilimkodolea macho Anastazi kama askari, naona aibu leo nikikumbuka. Hakuenda mtoni. Hakuongea na mtu asiyehusika. Alikunywa maji, akafunga mlango wa nyuma.

Tulipotaka kuondoka, akatokea bibi mmoja, mama wa muuguzi mkuu, akifuatwa na mabinti wawili wamebeba mikungu ya ndizi kichwani.

"Anastazi, mwanangu, waitu, ungeondoka hivihivi?" akasema, kwa "waitu" yetu ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama. Leo naomba usinipe. Nina matatizo kazini."

Bibi alisimama, mikono kiunoni. "Matatizo ya kazini yanakataa ebitoke? Nimekukosea nini? Umenichukia?"

"Hapana, mama."

"Basi pandisha. Na huyo mwanamke mgeni, ataondoka kwetu mikono mitupu watu waseme nini?"

Hapo hakuna sheria ya mradi inayofua dafu. Mnajua wenyewe: huku kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, na anayekataa ndizi amekataa watu. Anastazi alipanda juu ya keria, akapanga mikungu katikati ili gari lisiyumbe, akaifunika majani mabichi ya mgomba isiungue na jua, akaikaza kwa kamba. Nikamshukuru bibi mpaka akaridhika. Tukaondoka.

Tulipofika Kaisho nikashika maiki. "Ma Koku, tuko wapi? Ova."

Sauti yake ikarudi imenyong'onyea: "Ma Jeni, kwenye kompyuta bado mko Murongo. Ova."

Anastazi alisimamisha gari pembeni ya barabara, akaweka paji la uso kwenye usukani. "Umeona?" akasema. "Hata ukiwa ndani yake, gari linanisingizia."

Nilizima injini, nikafumba macho, kama nilivyofundishwa. Gari lile limetoka Kayanga likiwa zima. Limefika Murongo likiwa zima. Kati ya Murongo na Kaisho kimebadilika nini? Nikashuka. Nikarudi nyuma hatua kadhaa nilitazame gari zima, na nikaona mgomba mzima umekaa juu ya kichwa cha uyoga wangu.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Anastazi alidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia apande, ashushe zile ndizi zote, kila jani. Akashusha. Tukasubiri uyoga ukusanye setilaiti zake. "Ma Koku, tuko wapi? Ova." Na Ma Koku akapiga kelele nusura apasue spika: "Mko Kaisho! Mko Kaisho, waitu! Ova!" Tukazirudisha ndizi, tukasogea mbele kidogo, tukaita: bado tuko palepale kwenye nyasi. Ndizi ina maji mengi, na majani mabichi yana maji mengi, na sauti ya setilaiti ni dhaifu, haipenyi. Uyoga ukikosa mbingu, redio inajibu kwa kutaja mahali pa mwisho inapopakumbuka. Mtambo ule wa mwanzo haukujua kusema "sijui".

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Nami nilidhani. Jumatatu asubuhi kikao kikakaa chumba cha redio: Bwana Byabato, mwakilishi wa madereva, Ma Koku mahali pake, Anastazi amesimama na shati lake la kanisani. Bwana Byabato ndio kwanza alikuwa ameingia kutoka safari, hata viatu vilikuwa na vumbi jekundu la Muleba. Nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kwa utaratibu, nikaona uso wa meneja unazidi kukunjamana badala ya kukunjuka.

"Kwa hiyo Anastazi aligundua kwamba ndizi zinauziba mtambo," akasema. "Ndiyo maana kila safari ya Murongo anabeba ndizi. Anafunika, halafu anafanya yake. Ma Jeni, umenipa ushahidi ambao sikuwa nao."

Nilianza kueleza upya, akaniinulia mkono. Anastazi alisema tu, "Mzee, ningejua siri hiyo, ningekuwa fundi."

Ndipo Ma Koku akakohoa. Alikuwa ametazama kompyuta yake muda wote, hajageuka.

"Mzee, samahani, waitu. Sikutaka kusema."

"Sema."

"Hata wewe bado uko Muleba."

Bwana Byabato alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Ma Koku akabonyeza, akaliita gari la meneja. Kifaranga akalia. Nukta nyekundu ikakaa Muleba, kando ya barabara, mahali ambapo kila mtu mle chumbani alijua ni kwa mama yake. Sote tukageukia dirishani. Gari lake lilikuwa limeegeshwa uani, hatua chache kutoka tulipo, na juu ya keria mikungu ya mama yake imepangwa vizuri, imefunikwa majani, imekazwa kamba.

"Kila Jumatatu ni hivyo hivyo," akasema Ma Koku. "Niliona. Lakini nani angekwambia, mzee, kwamba hujafika kazini nawe umekaa ofisini?"

Mwakilishi wa madereva ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia, ikashindikana. Bwana Byabato hakucheka kwanza. Alitoka nje na suti yake, akapanda mwenyewe juu ya keria, akafungua kamba, akashusha ndizi za mama yake mkungu mmoja mmoja. Akasimama uani na jani la mgomba begani, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Haya, sasa niko wapi?" Baada ya muda Ma Koku akamjibu, "Umefika, mzee. Karibu kazini." Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akarudi ndani, akamkabidhi Anastazi funguo kwa mikono miwili, mbele yetu wote, akasema, "Nilikukosea. Naomba unisamehe." Anastazi alizipokea, akasema, "Imekwisha, mzee." Lakini hakumtazama usoni, na mimi nilijua haijakwisha.

Wiki hiyo nilihamisha uyoga wa magari yote, nikaufunga juu ya madigadi ya mbele karibu na kioo, mahali ambapo hata bibi wa Murongo asingeweka mkungu. Mtu mmoja alipendekeza iandikwe amri ya kukataza ndizi kwenye magari. Bwana Byabato alimuuliza ni nani atakayeenda kumsomea mama yake amri hiyo.

Safari iliyofuata ya Murongo nilikuwa chumba cha redio nikijaribu uyoga katika makao yake mapya. Nukta ya Anastazi ilikuwa inatembea vizuri, imetoka Murongo, inapanda vilima. Bwana Byabato akaingia. Nilimsogezea kiti mbele ya kompyuta ajionee. Hakukaa. Aligeuza mgongo, kompyuta ikabaki nyuma yake, akamwomba Ma Koku maiki, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimfahamu.

"Anastazi, hapa ni Byabato. Uko wapi? Ova."

Upepo ulikoroma. Nukta ilikuwa pale, nyekundu, inaonekana hata na kipofu, nami nilinyoosha kidole kumwonyesha. Alinitikisia kichwa, hakugeuka. Akangoja.

"Nimefika Kaisho, mzee," sauti ikaja, neno baada ya neno. "Kompyuta haioni? Ova."

"Sijaitazama. Nimekuuliza wewe. Ova."

Tulisikia injini inapungua, ikazimwa. Alikuwa amesimamisha gari lakini kidole amekisahau kwenye maiki, na wote watatu tukamsikia mwanaume yule mtu mzima akilia, peke yake, barabarani Kaisho. Ma Koku alijifunika uso kwa khanga. Mimi nililia wazi. Bwana Byabato alibaki ameipa kompyuta mgongo, maiki kifuani, akingoja mpaka Anastazi amalize.